Chandarua cha Mbegu

Bwana aliyetoka mjini aliwachekesha watu sana siku ile. Tulikuwa ukumbini Bweremana, kando ya ziwa, sisi wanawake na wanaume wa kujitolea tunaozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kama watu wanalala ndani ya chandarua, na yeye alikuja kutufundisha. Alikuwa na buti safi. Alibandika picha ukutani moja baada ya nyingine: chandarua kimegeuzwa wavu wa kuvulia sambaza, dagaa wa ziwa letu, chandarua kimezungushiwa vifaranga, chandarua kimekuwa shela ya bibi harusi. Kila picha ilikuwa na mzaha wake. "Munaona?" alisema, chandarua akikiita mustikere. "Tunabapatia mustikere juu ya kuokoa batoto, bo banaokoa kuku!" Watu wakacheka mpaka mabenchi yakatikisika.

Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikatoka na sikurudi. Nilikaa juu ya jiwe ufukweni na hasira yangu. Bwana yule hakusema uongo, na hilo ndilo lililoniuma. Picha moja tu ilikosekana pale ukutani: chandarua kilichoshonwa kuwa mfuko wa mbegu za maharagwe. Hicho nilikishona mimi, kwa sindano ya mama yangu, nilipokuwa na miaka kumi na sita, na mdogo wangu akafa.

Nimelitaja mapema kwa makusudi. Siwapendi watu wanaokizungusha kifo cha mtoto ili msikilizaji ashtuke mwishoni. Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na tabia ya kukataa kushikwa mkono njiani. Alikufa kwa malaria, kwa siku nne, na kifo chake kilitengenezwa na watu wengi, kila mmoja akichangia chake, na mimi nimo.

Sisi ni watu wa juu. Kwetu ni Ngungu, milimani, mahali ambapo asubuhi unavuna maharagwe mikono ikiuma kwa baridi, na asiyewasha moto ndani ya nyumba huamka amekakamaa. Mbu nilimjua kwa jina tu, kama nilivyomjua mamba. Wadudu tuliopigana nao walikuwa chawa, viroboto, na kupe waliong'ang'ania masikio ya mbuzi wetu. Kila Jumamosi tuliwang'oa kupe kwa vidole, mmoja mmoja, tukawatupa motoni, na mdogo wangu alipiga makofi kila mmoja alipopasuka. Alijua kuwahesabu mpaka kumi, halafu alianza tena moja.

Lakini kwa mama yangu adui mkubwa alikuwa fukusi, yule mdudu mdogo anayetoboa maharagwe na kuyaacha unga mtupu. Kwetu kila nyumba ina mchanganyiko wake wa mbegu. Hatupandi maharagwe ya aina moja kama watu wa kwenye mashamba makubwa. Mama alikuwa na aina nane au tisa ndani ya kikapu kimoja: mekundu makubwa, ya manjano, meusi madogo yanayovumilia mvua nyingi, yenye mistari yanayovumilia jua. Mvua ikizidi, haya yanakufa na yale yanapona. Alipewa na mama mkwe wake wiki aliyoolewa, na yule alipewa na mama mkwe wake mwenyewe. Mbegu hiyo haikuliwa. Mwaka mmoja tulikula majani ya maharagwe na viazi vya kuokota kwa majirani, na kikapu cha mbegu kilining'inia juu ya moto wetu, kimejaa, kimepakwa majivu ya kuzuia fukusi, na hakuna aliyethubutu hata kukitazama sana. Akiba haiozi, Mama alisema.

Vita vilipofika kilima chetu, maharagwe yalikuwa yamekauka shambani, tayari kwa kuvunwa. Sitasema nani alikuwa anampiga nani. Kwa miaka ile walibadilishana zamu, na sare zao zilifanana zikishapata matope. Tulisikia risasi upande wa chini, tukatoka. Baba alibeba jembe na blanketi. Mimi nilimbeba mdogo wangu, ambaye alipiga kelele kwamba ana miguu yake. Mama aliacha sufuria mbili nzuri na akabeba kikapu cha mbegu.

Barabara ya Bweremana ilikuwa imefungwa wiki ile, kwa hiyo hatukushuka ziwani kama wengine. Baba alikuwa na rafiki aliyechimba dhahabu Omate, kule Walikale, basi tukaelekea huko, tukipita Masisi na kuteremka msituni, zaidi ya wiki nzima kwa miguu. Kadiri tulivyoteremka ndivyo nguo zilivyotugandamia mwilini. Miti ilifunga mbingu. Na jioni ya kwanza ya chini kabisa nilisikia sauti nyembamba sikioni, nikajipiga kofi, nikaona damu yangu kiganjani. Mdogo wangu alicheka. Aliomba nimwoneshe tena.

Tulifikia kwenye kijiji cha barabarani, nusu siku kutoka Omate, ambapo wakimbizi walikuwa wamejenga vibanda vya miti na bashi, yale maturubai ya plastiki tuliyogawiwa. Baba alikuwa akienda kuchimba na kurudi kila Jumapili. Sisi tulilima mashamba ya wenyeji kwa kulipwa mihogo. Kibanda chetu kilikuwa na urefu wa kunifikia kifuani. Tuliingia kwa kuinama na tulilala tumepangana. Nautaja urefu huo kwa sababu baadaye wataulizwa watu maskini kwa nini hawakutundika chandarua, na anayeuliza atakuwa amesimama wima.

Wenyeji walitupokea vizuri. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye huruma, alimtazama Mama siku ile ya kwanza akatikisa kichwa.

"Mutagonjwa, dada," alisema. "Batu bote ya kule yulu banagonjwaka mara moja. Iko hewa ya huku. Utatoka jasho siku mbili, tatu, kisha hewa inakuzobelea. Kisha hapo, hakuna tena."

Na kweli tuliugua. Mama alianza, akatetemeka siku mbili juu ya majani, akapona. Mimi nikafuata. Mifupa iliniuma kana kwamba inasagwa, nikatapika, siku ya tatu nikaamka na njaa. Jirani akatuletea ndizi na kupiga vigelegele: hewa imetuzoea, sasa sisi ni watu wa msituni. Hata Baba alikuja kutoka Omate amekonda na amepona. Watatu wote tuliugua, na watatu wote tukapona bila dawa. Nani angetuambia kitu kingine tukaamini? Nikikumbuka vigelegele vile nataka kupasua kitu.

Kisha wakaja wagawaji wa vyandarua. Walikuja na gari asubuhi, wakaandika majina ya nyumba zenye watoto wadogo, wakaipa kila nyumba pakiti moja. Kijana wao alikifungua chandarua kimoja cha buluu, akawapa watu wawili wakinyooshe juu, akapaza sauti: "Dawa iko ndani, inaua bidudu. Mulale mo kila siku. Kinga iko bora kupita dawa ya hospitali." Kilikuwa cha pembe nne, chenye vitanzi vinne, na hakikuja na kamba wala msumari. Mtu mmoja aliuliza kitafungwa wapi kwenye kibanda cha bashi. Kijana akasema, "Mutafute namuna," akatazama mawingu, na gari likaondoka kabla ya mvua.

Sikatai kwamba alisema. Alisema. Lakini alisema kwa dakika chache kwa watu ambao walikuwa wanajua tayari, kwa miili yao wenyewe, kwamba homa ile ni hewa na kwamba ilikwisha kupita.

Pakiti yetu ilikaa siku mbili bila kufunguliwa. Jumapili Baba aliiona.

"Unipe ile," alimwambia Mama. "Kule Omate banachujia mo muchanga ya mutoni. Iko na matundu madogo, zahabu haipite."

"Siwezi kuitupa mu mayi," Mama akajibu.

"Hauitupi. Inafanya kazi."

"Iko na kazi yake."

Nilimpenda Mama wakati ule kwa jibu hilo. Nilifikiri anakitetea kwa ajili ya mtoto. Baba alipoondoka Jumatatu, Mama alinikalisha chini, akaniletea kikapu cha mbegu, akakiinamisha mbele yangu. Joto la chini lilikuwa limewaamsha fukusi wote. Majivu yalikuwa yameganda kwa unyevu, na maharagwe mengi yalikuwa na tundu, baadhi matundu mawili au matatu. Yale ya manjano yalikuwa karibu yote yameliwa. Mama alichukua moja akalibana kati ya vidole, likasagika.

"Iyi ikiisha," alisema, "hata vita ikiisha, tutarudia nini?"

Akafungua pakiti. Alikinusa chandarua, akanipa nami nikinuse. Kilikuwa na harufu kali ya dawa.

"Banasema inaua bidudu. Mbu iko kidudu. Fukusi iko kidudu. Sivyo?"

Ndivyo, nilisema. Na ilikuwa ndivyo! Hili ndilo ambalo bwana wa buti safi hatalielewa mpaka anakufa. Mama hakuwa mjinga. Alisikiliza maneno ya kijana yule kuliko wote waliokuwepo, akayafikiria, akayatumia kwa mdudu aliyemjua, katika vita alivyovipigana tangu siku aliyoolewa. Mdudu mwingine hakumjua. Kule kwetu hakuna aliyemzika mtu kwa sababu ya mbu.

Nilikishona siku ile ile. Nilikikunja mara mbili, nikapiga mishono midogo kwa uzi wa gunia, nikafanya mfuko mrefu wenye shingo ya kufungia. Nilijivunia mishono yangu. Mama alichagua mbegu nzima, akazikausha juani, akazimimina ndani, akaufunga na kuuning'iniza kwenye mti wa katikati ya kibanda; Jumapili aliuficha ndani ya kikapu, Baba asiuone. Baada ya wiki moja tuliona fukusi waliokufa chini, wengi, kama punje za pilipili. Mama alifurahi, na alikuwa hajafurahi tangu Ngungu. Mdogo wangu aliwazoa akawahesabu mpaka kumi, akaanza tena moja. Alilala chini ya mfuko ule, kichwa chake kikikaribia kuugusa, na mbu walimla usiku kucha.

Homa yake ilianza siku ya kulima. Nilirudi nikamkuta amekaa mlangoni amejikunyata, meno yanagongana, na jua linawaka. Nilijua ni nini. Niliinama, nikamshika pua, nikamtania.

"Ah, zamu yako imefika! Sisi bote tulishapita. Kesho kutwa utakuwa mutu ya pori."

Alitabasamu, meno yakigongana. Siku zote alichukia kuachwa nyuma na sisi wakubwa. Akamwambia Mama kwa sauti kubwa kwamba zamu yake imefika. Mama alikuwa anapepeta unga wa mihogo nje, akaendelea kupepeta.

Mama alisema tungoje, tukangoja. Siku ya kwanza alitoka jasho, tukasema vema. Siku ya pili alikula kidogo. Jirani alileta ndizi mapema, kabla ya kupona. Siku ya tatu alianza kutuita kwa majina ya watu wa Ngungu. Duka la dawa na chumvi lilikuwepo mita chache tu kutoka kwetu, la mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Butembo, mtu wa kusali, mwenye msalaba juu ya rafu. Jioni nilikwenda kwake kununua chumvi, nikamwambia mdogo wangu anaugua hewa. Aliinuka akasimama wima.

"Hewa gani?" akasema. "Siku ngapi?"

"Tatu."

"Dada, iko malaria! Ile haina zamu. Mutoto wa kule yulu haina nguvu ya kuikataa. Kimbia, umuambie mama yako, mumupeleke hospitali sasa hivi."

Alinipa vidonge bure na kunisukuma mlangoni. Nilikimbia. Nilipofika, mdogo wangu alikuwa amekakamaa mikononi mwa Mama, macho yamegeuka juu, mkono mmoja unajipigapiga wenyewe. Vidonge havikumezeka. Tulijaribu kuvisaga kwa maji, vikatoka puani.

Hospitali ndogo ilikuwa mwendo wa saa tano kwa miguu. Jirani aliita wanaume wawili, wakafunga tipoyi, machela ya fimbo na blanketi, tukatoka asubuhi ya siku ya nne, mara tu palipopambazuka. Mama alifungua mfuko wa mbegu kutoka kwenye mti, akaufunga mgongoni. Nilimpigia kelele. Nilimwambia auache. Akasema kibanda hakina mlango wa kufunga, na sisi hatujui tutalala wapi. Akaenda nao.

Katikati ya njia kulikuwa na bariere, ule mti unaolazwa barabarani na watu wenye bunduki. Mti mmoja, kamba moja, vijana watano, na kibanda kizuri kuliko vyetu. Walitazama ndani ya tipoyi. Walimwona. Siwezi kuwapa hata sadaka ya kusema hawakumwona.

"Mungoje," mmoja alisema. "Hakuna mutu anapita bila mukubwa. Mukubwa anapumuzika."

Mkubwa alikuwa amelala chini ya kivuli, jua likiwa limeshapanda, juu ya kitanda cha mianzi. Na alikuwa amelala ndani ya chandarua. Cha buluu, cha pembe nne, kimefungwa kwa nguzo nne zilizosimikwa vizuri, ncha zake zimechomekwa chini ya godoro. Nyuma yake niliona pakiti nyingine, zimepangwa kama matofali. Huyo alipata kamba na alipata nguzo. Huyo alielewa mafundisho yote. Mpaka leo nikiingia katika nyumba iliyotundika chandarua vizuri namkumbuka yeye kwanza, na lazima nipumue kabla ya kuwasifu wenye nyumba.

Mama alipiga magoti barabarani. "Afande, mutoto anakufa."

"Mama, tulia. Ataamuka."

Hakuamka. Vijana walichoka kututazama, wakaanza kupekua mizigo. Mmoja aliuvuta mfuko kutoka mgongoni kwa Mama, akaupima uzito.

"Iyi ni nini?"

"Mbegu, afande. Si ya kula. Iko na dawa."

"Mbegu nayo inaivaka," akasema, na wenzake wakacheka.

Akafungua shingo ya mfuko niliyoishona, akamimina yote kwenye sufuria yao. Mekundu makubwa, meusi, yenye mistari. Nilisikia yanavyogonga chini ya sufuria. Sikujua Mama ana sauti ya namna ile. Hakulia, alitoa sauti moja tu, fupi, kama mtu aliyekanyagwa. Bibi yangu na bibi yake na wote waliovumilia njaa wakitazama kikapu kile, waliishia katika sufuria ya vijana watano ambao hawakuwa hata na njaa. Waliosha maharagwe kwa maji, angalau. Yule kijana akatutupia mfuko mtupu.

Pale barabarani palikuwa na dimbwi, na mbu walikuwa wengi hata mchana, chini ya ile miti. Walimtua mdogo wangu usoni na yeye hakuwafukuza. Mama aliniwekea mfuko mapajani.

"Fumua," alisema. "Umufunike. Banamuluma."

Nikafumua. Sikuwa na wembe, nilikata uzi kwa meno. Mishono ile midogo niliyojivunia, kila mmoja ulikuwa kazi. Nilifikiri: kama ningeshona vibaya, kingefumuka upesi. Mama alikuwa anapunga majani usoni pake na kuniambia haraka, haraka. Nilipomaliza, tulikitandaza juu ya tipoyi, tukakichomeka pembeni kwa uangalifu, kila upande, mtoto akabaki ndani ya buluu ile. Mbu wakatua juu ya kitambaa. Wachache walianguka. Dawa ilikuwa bado inafanya kazi.

Mkubwa aliamka baada ya kitambo, akapiga miayo, akapunga mkono tupite. Tulitembea kama saa nzima baada ya hapo, halafu mwanamume wa mbele alisimama bila kuambiwa, kwa sababu blanketi lilikuwa limetulia.

Tulimzika kijijini. Baba alifika kutoka Omate na udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Alikiona chandarua mikononi mwa Mama, akaelewa kilikuwa wapi wakati wote ule, na hakusema neno. Nilitamani aseme. Nilitamani mtu mmoja apige kelele, ili nami nipate pa kuanzia. Tulimzika katika kitenge. Mama alikataa chandarua kiingie kaburini; nilidhani ni ubahili, nilidhani bado anafikiria mbegu, na nilimchukia kwa hilo kwa miaka mingi sana.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo. Sikuwa na moyo wa huruma, watu wasinipambe. Nilitaka kuingia nyumba za watu na kuuliza: kiko wapi? Kwa nini hakijatundikwa? Nimewagombeza akina mama waliofunga chandarua kwenye furushi la kukimbilia, kikiwa kipya katika pakiti yake, kwa sababu kilichofunguliwa huibiwa. Nimewagombeza, halafu nimetafuta kamba mwenyewe, nikapigilia misumari mwenyewe. Na kila niliyemgombeza alikuwa na uso wa Mama. Mama mwenyewe sikumwambia kitu. Aliporudi Ngungu na Baba, na hata baada ya Baba kufariki, nilimpelekea sabuni na sukari na nikakaa naye nusu saa. Swali langu nililihifadhi: kwa nini ulisema tungoje?

Siku ile ya picha, nikiwa juu ya jiwe pale Bweremana, niliamua inatosha. Kesho yake nilipanda Ngungu, nusu ya njia kwa pikipiki, nusu kwa miguu kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyapanga.

Nilimkuta ameketi uani, ana sindano mkononi, anatafuta tundu lake kwa kuiinua kwenye mwanga. Mlangoni palikuwa na beseni la maharagwe ya mbegu, aliyoombaomba kwa majirani miaka ile aliporudi, aina nne tu. Yalikuwa wazi. Hayakuwa na majivu wala kifuniko, na fukusi walikuwa wanatembea juu yake mchana kweupe. Kuku alikuwa anadonoa pembeni na Mama hakumfukuza.

Niliingia ndani kuweka mzigo. Kitanda chake kilikuwa kimefunikwa na chandarua cha buluu, kimepauka karibu kuwa cheupe, kamba nne, misumari minne, ncha zimechomekwa chini ya godoro pande zote, saa saba mchana. Nilikijua kabla sijakishika. Palipokuwa mshono wangu palikuwa na mstari mrefu wa matundu ya sindano, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa uzi, moja moja, kwa rangi zozote alizopata. Mto wake uliwekwa upande wa mlangoni. Upande wa ukutani paliachwa wazi, nafasi ya mtu mdogo.

Kwa sheria za kazi yangu ningemwambia akitupe. Dawa ilikwisha miaka mingi iliyopita. Na kule juu, katika baridi ile, mbu wa kumzuia sikumsikia. Nilitoka nje nikiwa na hasira kama nilivyoingia, nisiwadanganye, ila sikujua tena niielekeze wapi.

"Nitungie uzi," Mama alisema, akaninyooshea sindano. "Macho haione tena. Kumebakia matundu matatu."

Nilitunga uzi. Maneno niliyoyapanga njiani hayakutoka. Yalitoka mengine, ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

"Mama, siku ile njo mimi nilimuambia zamu yake imefika."

Alichukua sindano. Alipiga fundo mwisho wa uzi, polepole.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa napepeta muhogo. Alifurahi sana." Kisha akaingia ndani, akachomoa ncha moja ya chandarua chini ya godoro, akaniita. "Kuya ushike hapa, nishone."

Nikaenda nikashika.